Maji Ameshayaonja Mama

6 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zetu, na usiniambie tena ninunue simu ya maana. Kwenye simu hakuna mtu aliyewahi kumaliza hoja. Ukifika kwenye "kwa hiyo", mwenzako ameshasema "haya, tutaongea". Karatasi haikatizi mtu.

Sisi wazima. Goti la wifi yako limepona, amerudi kupanda ngazi na kunigombeza kwa pumzi moja. Mama hajambo. Kila Jumapili anakuulizia, nami namjibu kwamba wewe na vichupa vyako vya maabara mnapendana kuliko ndugu. Mwaka wa pili huu hujakanyaga hapa. Shemeji anaendeleaje? Na mpwa wangu Maswali, bado anauliza kwa nini samaki hakonyezi? Mwambie mjomba wake amesema samaki hana wa kumkonyeza.

Sasa jambo lenyewe. Mayai yanakufa. Mara nne mfululizo! Na kwa kuwa wewe hupenda kusema "Kaka, umeruka hatua", hizi hapa hatua zote. Jioni tunamchoma jike sindano ya kuivisha mayai. Asubuhi tunamminya tumbo, mayai yanamwagika kwenye beseni kavu kama mtama mbichi. Dume la kambare haliminyiki, unaujua ukaidi wake; basi tunamchinja, tunatoa korodani, tunazikata na kukamua maziwa yake juu ya mayai. Tunamimina maji ya kisima, tunakoroga kwa unyoya wa kuku, tunatandaza mayai kwenye wavu. Ndivyo alivyofanya baba, ndivyo nifanyavyo mimi. Zamani kesho yake ungeona mikia inatikisika. Sasa kesho yake naona mayai meupe kama macho ya maiti, na ukungu juu yake.

Usiniulize kuhusu maji. Maji ameshayaonja Mama. Kata moja, funda moja yeye, funda moja mimi. Ananitazama, anasema "Tamu", ndipo kazi inaanza. Baba aliliweka hilo liwe sheria: hakuna maji yanayoingia chumba cha mayai kabla ya ulimi wa mama yenu.

Tatizo ni madume. Yule muuza madume wa barabara ya kiwandani ameniuzia wazee waliochoka, amewapaka mafuta wang'ae. Wanne nimeshawachinja bure, wamebaki wawili. Wafugaji wanaochukua vifaranga kwetu wameniambia wazi kuwa watasubiri hadi mwisho wa Juni, baada ya hapo kila mtu na njia yake. Wakiondoka hao, mlango aliofungua baba nitaufunga mimi, na hilo sitaki kulifikiria.

Wewe unashinda ukitazama mbegu za samaki kwenye hadubini. Niandikie maneno ya kitaalamu, makali, ya kumpiga nayo huyu bwana kichwani. Nina nafasi gazetini wiki ijayo.

Kaka yako asiyekubali kuibiwa


25 Februari

Kaka yangu, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa imechanika pembeni. Nadhani hata bahasha imechoka kubeba hasira zako. Sisi tu wazima. Shemeji yako amehamishiwa idara nyingine na anajifunza kuamka mapema, jambo linalotuumiza wote. Maswali ameridhika na jibu la mjomba kwa siku moja. Sasa anauliza kama samaki hakonyezi, analalaje.

Mpe wifi pole ya goti na hongera ya sauti. Mama mpe shikamoo yangu ya peke yake. Kuhusu kuja, kazi ni nyingi.

Kaka, maneno ya kumpiga mtu kichwani sina. Nina maelezo, na uyasome taratibu kabla hujashika kalamu.

Mbegu za kambare zikiwa ndani ya baba yao zimelala. Chumvi ya mwili wake ndiyo blanketi lao. Zikiguswa na maji matamu blanketi linavutwa, zinashtuka, zinakimbia. Muda wao wa kukimbia ni mfupi kuliko muda unaotumia wewe kumaliza salamu. Katika muda huo ama zimefika kwenye yai ama zimekwisha. Sasa maji yakiwa na chumvi ndani yake, hazijui kama zimetoka nyumbani. Nyingine hazitikisiki kabisa. Nyingine zinajizungusha palepale kama mtu aliyeamshwa ghafla, anatafuta viatu na viatu anavyo miguuni. Dume anaweza kuwa simba. Mbegu zake haziendi popote.

Na jambo linalowadanganya wengi ni hili: kambare mkubwa anaivumilia chumvi hiyohiyo bila hata kubadili rangi. Utamwona mnene, mwenye afya, anakula. Ndiyo maana mtu hulaumu dume.

Sisemi kwamba kisima kina chumvi. Nasema pima. Jaza chupa moja maji ya kisima, nitumie. Na ukitaka jibu kabla yangu, chukua mabakuli mawili. Mayai ya jike mmoja, maziwa ya dume mmoja, gawanya sawa. Bakuli moja tia maji ya kisima, la pili maji ya mvua. Kesho yake mayai yenyewe yatakuambia nani mwongo.

Tafadhali usimwandike yule bwana gazetini kabla ya hapo.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nakasirika, na mimi sipendi kuandika nikiwa nimekasirika nusu.

Habari za nyumbani ni njema. Mama amepanda maua mbele ya chumba cha mayai, amekataza mtu kuyaita maua. Anasema ni alama ya kuonyesha mlango uko wapi. Fundi amebadilisha mabati mawili ya paa. Wifi yako amesoma barua yako yote kwa sauti, na alipofika kwa yule mtu anayetafuta viatu akanitazama mimi. Sijui kwa nini.

Nimeshamwandika. Makala imetoka yenye kichwa "Madume ya Maonyesho", safu mbili kamili, na watu watatu wamenisimamisha barabarani kunipongeza. Siku ya pili mwenyewe akaja, kofia mkononi, kasimama hapo uani kama mtu wa msibani.

"Bwana mkubwa," akasema, "wateja wangu wengine wote wanatotolesha. Dume ndugu yake huyuhuyu, tumbo moja, kwa mwenzako ametoa vifaranga hadi wamekosa pa kuwaweka."

"Basi wao umewauzia madume. Mimi umeniuzia picha."

"Maji yako umeyapima?"

"Maji ameshayaonja mama yangu."

Akageuka akamwona Mama ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Akamsalimu kwa heshima, akavaa kofia yake, akaondoka bila neno. Nilijua nimemshinda. Mtu mwenye hoja haondoki kimya.

Kuhusu mabakuli yako mawili, sikiliza. Hayo yanafaa maabara. Hapa kwetu kuweka bakuli la maji ya kisima karibu na bakuli la maji ya mvua ni sawa na kumwambia Mama, mbele ya macho yake, "tumekushuku". Mwanamke huyu ndiye aliyechagua kisima kichimbwe wapi. Mafundi walitaka karibu na barabara, yeye akaonja maji ya sehemu tatu na kuwaonyesha kwa kidole cha mguu. Miaka yote hiyo hakukosea. Leo nimwekee bakuli?

Jumatatu tulijaribu tena. Mama akaonja, akanipa kata, nikaonja, akanitazama, akasema "Tamu". Dume wa tano. Kesho yake ni weupe uleule. Amebaki dume mmoja tu, mkubwa, mwenye kovu kwenye sharubu, na wafugaji wawili wameshaenda kwa wengine.

Chupa yako ya maji hii hapa, nimeifunga kwa nta isimwagike. Pima uridhike, kisha unipe maneno niliyoomba.

Hukujibu lini unakuja. "Kazi ni nyingi" ni jibu la karani wa ofisi.

Kaka yako


10 Aprili

Kaka yangu mpenzi, shikamoo.

Tumepata mvua ya siku tano na nusu ya njia ya kwenda kazini imekuwa bwawa. Shemeji yako anakusalimu. Maswali amepoteza jino la mbele na analidai kwa kila mtu aliyekuwa nyumbani siku hiyo, mmoja mmoja, kama askari.

Nimeipima chupa yako. Maji mazuri. Chumvi karibu hakuna kabisa. Yamejaa ile dawa wanayotia mjini ya kuua vijidudu.

Kaka, kisima chetu kimeanza lini kutiwa dawa?

Nilicheka kwanza. Nilicheka hadi mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza. Mtu anayewaandika mawaziri bila kumung'unya maneno, aliyefukuzwa kazi mbili kwa kusema kweli mkutanoni, amesimama kwenye bomba la barabarani anajaza chupa ya kumdanganya mdogo wake! Umeifunga na nta, Kaka. Nta!

Halafu nikaacha kucheka. Wewe huwezi kudanganya kwa ajili yako mwenyewe, hujui hata pa kuanzia. Basi unadanganya kwa ajili ya mtu, na nyumba hiyo haina watu wengi.

Sikuulizi tena kama maji yana chumvi, jibu hilo umenitumia mwenyewe ndani ya chupa. Nakuuliza jambo moja. Wewe pia unanywa funda kutoka kwenye kata ileile. Ulimi wako unakuambia nini?

Ndani ya kifurushi hiki kuna kifaa kidogo cha kupima chumvi. Unakichovya, unasubiri tarakimu itulie, unasoma. Ikizidi mbili, usiamshe mbegu kwa maji hayo. Na dume wa kovu usimguse mpaka umenijibu.

Mdogo wako anayekupenda, ingawa leo amekushika


2 Mei

Mdogo wangu,

Wifi yako mzima. Mama mzima. Fundi amerudi kumalizia paa na ameharibu alama ya mlango kwa ngazi yake. Mama amemsema mpaka ameomba maji ya kunywa. Paka wa jirani amezaa ndani ya boksi la nyavu zetu.

Kifaa kimefika. Kiko kabatini.

Chumvi ipo. Nimeijua tangu mwaka jana. Kwanza ilikuwa kidogo, ya kubahatisha, ukadhani ni kinywa chako. Sasa ni kama mchuzi uliopoa. Jirani wa nyuma kisima chake kimeshakuwa hivyo na amekifunika.

Siku ya kwanza nilipoijua, Mama alikuwa ameshaonja. Akanipa kata, nikanywa, nikataka kutema. Nikamwona ananitazama, mikono kaipachika kwenye mapaja, kama anasubiri matokeo ya mtihani. Yeye hakuwa ameona kitu! Ulimi ule! Nikameza, nikatuliza uso, nikatabasamu. Akasema "Tamu". Nitasema nini mimi? Tangu baba afariki, kazi zote tumempunguzia taratibu, kwa upendo, kama watu wanaohamisha samani chumbani mwa mgonjwa. Nyavu tulichukua. Sindano tulichukua kwa sababu mkono unatetemeka. Hesabu akachukua wifi yako. Amebakiwa na funda moja la maji asubuhi, na neno moja. Nikimwambia ulimi wake umekufa, anaamka kesho kufanya nini?

Nimegombana na kila mtu katika mji huu na sijawahi kulala vibaya. Hili siliwezi.

Usinijibu kwa maneno ya maabara.

Kaka


20 Mei

Kaka yangu,

Leo siandiki habari za mvua. Tu wazima, inatosha.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimeisoma nimekaa. Nakupenda zaidi ya jana. Na sasa nitasema maneno ambayo ungeyasema wewe, kama anayehusika angekuwa mama wa mtu mwingine.

Umewachinja madume watano ili kulinda neno moja. Umemchafua gazetini mtu asiye na kosa, na yeye alipomwona Mama mlangoni akaelewa, akakunyamazia. Hukumshinda, Kaka, alikustahi. Wafugaji wanaondoka. Mwisho wa Juni utafunga mlango, na Mama ataamka siku ya kwanza ya Julai hana kisima, hana chumba cha mayai, hana hata funda. Ataambiwa sababu ni nini? Madume? Yeye si mjinga. Atakaa pale mlangoni akijiuliza alikosea wapi, na wewe utakuwa unaijua sababu, unakula naye meza moja.

Unasema ukimwambia atabakiwa na nini. Muulize yeye. Hujamuuliza. Umeandika makala nzima za kuwatetea watu wanaoamuliwa mambo yao bila kuulizwa, nimezikata na kuzitunza. Nikikosa usingizi nazisoma.

Sikuambii umfundishe habari za mbegu. Mwambie tu maji yana chumvi. Ukishindwa niambie, nitakuja nimwambie mimi.

Nimeandika hilo la mwisho na nimetaka kulifuta. Usiniulize kwa nini. Tafadhali usishindwe.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Kaa chini. Barua hii ina habari, na nitazipanga zilivyotokea, usije ukasema nimeruka hatua.

Barua yako ilinifanya nikasirike siku mbili, nikawa mgonjwa wa siku moja. Siku ya nne asubuhi tukaenda kisimani, Mama na mimi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Unanijua: utangulizi, mifano, kinga dhidi ya pingamizi. Mama akachota, akanywa funda lake, akanipa kata. Nikanywa. Hotuba yote ikapotea, na uso wangu, ambao nimeushikilia mwaka mzima kama mtu anayezuia mlango usifunguke, ukaniponyoka. Nikakunja sura kama mtoto aliyenyweshwa kwinini, nikatema mbele ya miguu yake.

Mama akapiga makofi.

"Haya!" akasema. "Umerudi."

"Nimerudi kutoka wapi, Mama?"

"Nitajuaje? Mwaka mzima nakunywa maji na mtu asiye na uso."

Tukaketi kwenye ukingo wa kisima. Akaniambia. Ile homa iliyompata mwaka alipofariki baba ilipoondoka, iliondoka na ulimi wake. Tangu hapo, anasema, maji, maziwa na mafuta ya taa kwake ni ndugu. Hakutuambia kwa sababu sote tulikuwa kwenye msiba, halafu tulikuwa kwenye kazi, halafu ikawa muda umepita. Lakini nyumba ilihitaji mtu wa kuonja. Akapata njia. Akaamua tuwe tunaonja wawili, unakumbuka? Kabla ya hapo alionja peke yake! Mimi nilidhani ananirithisha.

"Wewe ulimi wako haunihusu," akaniambia. "Uso wako ndio ulionihusu. Tangu mdogo ukikasirika hata mbuzi wanajua. Nikasema, maadamu mtoto huyu yupo, maji ya nyumba hii hayana pa kujificha. Ukiwa umetulia, nasema tamu. Ukikunja, nasema subirini mvua. Mara mbili ulikunja kidogo, nikawasimamisha kazi, mkanisifu ulimi wangu. Kumbe umekuja kujifunza adabu uzeeni! Miaka yote nimekuomba uwe na adabu, umeanza juzi, na mara ya kwanza tu umeua samaki."

Nikakubali papo hapo. Iandike tarehe, maana halijawahi kutokea.

Nikamwomba radhi kwa kumficha. Akasema, "Na mimi nimekuficha. Tumefichana kwa adabu mpaka mayai yameoza. Nenda kachukue hicho kidude cha mdogo wako kilicho kabatini." Alikuwa anajua kipo. Alidhani ni cha kupimia homa, na mimi naficha ugonjwa.

Tukakichovya. Tano na ushee. Mama akauliza inaruhusiwa ngapi, nikamwambia mbili. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya dhuluma.

Maji ya mvua hatukuwa nayo, paa letu halina mfereji. Aliyekuwa nayo mji mzima, tangi kubwa limejaa, ni nani? Ndiyo. Mama akaamuru nivae shati safi. Njiani nikatunga kurasa mbili za kuomba radhi, nikamsomea, akasema punguza. Nikapunguza ikawa ukurasa. Akasema punguza. Tulipofika kwa muuza madume nilibakiwa na "Nilikosea, bwana. Nisamehe."

Yule bwana akamtazama Mama, si mimi. "Tangu siku ile najua," akasema. "Nilimwona mama ameketi pale, nikasema huyu mtu hawezi kunisikia leo. Mapipa mangapi?"

Akatuletea kwa mkokoteni wake mwenyewe, na akabaki kutazama. Na kwenye gazeti la juzi nimemwandikia mistari minne ya kusafisha jina lake. Mhariri alidhani imekatika njiani, akanipigia kwenye simu ya wifi yako kuuliza iliyobaki iko wapi.

Dume wa kovu tulimchinja asubuhi ileile tulipomminya jike wetu bora. Tulifanya mabakuli yako mawili, Mama ndiye aliyetaka. Aliketi katikati, mkono mmoja huku na mmoja kule. Maziwa yaleyale, mayai yaleyale, unyoya uleule. Kesho yake la kisima lilikuwa jeupe karibu lote, na la mvua lilikuwa safi, kila yai na kidoa chake, na kufika jioni mikia ikaanza. Mdogo wangu, ile mikia! Vifaranga wadogo kama kope, maelfu, wote wanahangaika kama wamechelewa mahali. Wifi yako akalia. Muuza madume akalia. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni.

Wafugaji waliobaki wamepata, na mmoja kati ya walioondoka amerudi akijifanya anapita tu. Hatujapona. Kisima hakitarudi kuwa kitamu kwa sababu tumesema kweli. Fundi anaweka mfereji na tangi, na tutatotolesha kwa kufuata mvua tu. Vifaranga wakishakomaa ndipo tuwazoeze maji ya kisima kidogo kidogo. Mwaka huu tutapumua kwa tabu, ila mlango hatufungi.

Nilimuuliza Mama ulichoniambia nimuulize: sasa utafanya nini asubuhi? Akaniangalia kama nimetukana. "Kifaa kitasoma maji," akasema, "nami nitakusoma wewe. Kifaa kikiharibika, wewe utaharibikaje?" Hivyo tunaonja bado. Ni amri.

Halafu jana, tukiwa mezani na ile sufuria yake ya Jumapili ambayo haruhusu mtu aiguse, Mama akaweka kijiko chini. "Na mchuzi wangu je? Miaka yote hii?" Wifi yako akainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka. Nikasema, "Mama, leo hauna chumvi hata chembe. Wiki iliyopita ungetosha kuhifadhia samaki." Alicheka mpaka tukamshika. Kisha akafuta macho, akasema neno ambalo nimeambiwa nikuandikie lilivyo:

"Mwambie mdogo wako yeye ni mbaya kuliko wewe. Siku ya mwisho alipokuwa hapa nilimpikia chai, nikakosea kopo la sukari; nilikuja kujua baadaye. Akainywa yote, akaomba kikombe cha pili, akakinywa. Kisha akaenda nyuma ya nyumba na kukaa huko peke yake. Tangu siku hiyo ana kazi nyingi."

Nimemaliza. Sina hoja ya kuongeza.

Kaka yako


11 Julai

Kaka yangu, shikamoo.

Tu wazima. Msomee Mama mistari inayofuata, kwa sauti, usiongeze chochote.

Mama, shikamoo. Chai ile ilikuwa na chumvi. Ilikuwa mbaya, Mama, mbaya kuliko chai yoyote niliyowahi kunywa, na kikombe cha pili kilikuwa kibaya zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Nimeomba likizo nikapewa. Ijumaa ya wiki ijayo nitakuwa hapo, mimi, mkwe wako na Maswali. Tafadhali utupikie. Maswali hajui kuficha uso. Mkalishe mbele yako.

Mwanao